Lile Pengo Kati Yangu na Hezroni

Ziwani, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu Loice,

Pokea salamu za mdogo wako Rasoa, ambaye kila akipika mboga ya mrenda hukukumbuka, kwa sababu wa huku hauvutiki kama wa kwetu. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuchezesha? Na Mama anakula vizuri, ama bado anasema chakula cha siku hizi hakina chumvi? Sisi huku tuko. Bwana hajatuacha, ingawa ametuachia kompyuta.

Barua hii inakufikia kwa mkono wa Mama Zipora wa kwaya yetu, anayekuja huko kumwona mamake. Sikuitia posta kwa sababu posta haina haraka na mimi ninayo. Sasa, kabla hujasoma mbele, simama uende chumbani ukaangalie ule mzigo mpana ulioletwa na fundi seremala, uliofungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Kama bado umefungwa, mshukuru Mungu, uuache hivyo hivyo, urudi ukae. Kama umefunguliwa, angalia ni nani ameuona, halafu urudi ukae vilevile.

Umekaa? Haya.

Unajua vile Baba Dorika amekuwa tangu apunguzwe kazini. Mwanamume aliyezoea kuamka na king'ora hawezi kushinda nyumbani akiangalia mkewe akishona sare za shule. Alijaribu kuku, kuku wakafa. Akajaribu kuuza mafuta ya taa, akawa anamwaga zaidi ya anayouza. Mwishowe akatoka kwenye maombi siku moja akasema Mungu amemwonyesha kamera. Sikubisha, dada. Kamera ni kazi. Hapo Shauri Moyo, mtaa wa jirani, kuna Mzee Saulo, mpiga picha aliyempiga Dorika wetu picha akiwa mchanga na akampiga tena siku ya harusi yake. Ningeelewa kama mume wangu angeenda kwake, akae naye nyuma ya lile pazia lililochorwa bustani, ajifunze jinsi watu wanavyojifunza, kwa kubeba mizigo, kwa kutumwa na kwa kukemewa. Lakini hapana. Mtu fulani alimwambia kwamba siku hizi upigaji picha hausomwi kwa mtu, unasomwa kwa kompyuta.

Chuo chenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kwa ukubwa wa bango lililoko nje ungedhani ni chuo kikuu. Ndani kuna kompyuta chache zilizofunikwa vitambaa kama maiti, na msichana mmoja anayetafuna chingamu ndiye mwalimu. Lakini hata yeye hafundishi. Kazi yake ni kutia kisahani kinachong'aa ndani ya mashine na kwenda zake dirishani. Mwalimu wa kweli ni Mzungu aliyemo ndani ya kisahani.

Dada, huyo Mzungu hasalimu. Hajui kama mwanafunzi amekuja, amelala, au ameenda choo. Usipoelewa unabonyeza, naye anarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, kama kasuku aliyeokoka. Somo la kwanza alilomfundisha mume wangu ni jinsi ya kupiga picha theluji. Hapa Ziwani. La pili lilikuwa mbwa. Inasemekana mbwa hupendeza akipigwa picha na mtu aliyejishusha hadi usawa wa macho yake, na Baba Dorika, mzee wa kanisa, mwenye suti mbili na mvi za heshima, nikamkuta nje amepiga magoti kwenye vumbi mbele ya mbwa wa jirani. Vijana wa mtaa wamesimama pale kwenye mfereji wa maji wanamuuliza, "Buda, unamwombea ama anakuombea?" Nilipita na ndoo yangu kama mtu asiyemjua.

Nikadhani ataona aibu aache. Wapi. Akasema sasa amegundua kwamba masomo mazuri zaidi yako kwa intaneti, kule mjini, kwenye ofisi ambapo unalipa kwa dakika kama simu. Alinipeleka Jumapili moja baada ya ibada ili nione maajabu. Nilikuwa na sketi ya kupinda, nikaenda nayo. Basi tukakaa mbele ya kioo kusubiri picha ya kufundishia. Ilikuwa inashuka kutoka juu, polepole, kama mtu anayeteremsha pazia akiogopa kumwamsha mtoto. Kwanza nywele. Halafu paji la uso. Tukangoja macho. Nilimaliza pindo la sketi na kidevu hakijafika. Kisha mashine ikagoma na yule mtu akabaki hana mdomo, na bado tukalipa. Nikamwambia Baba Dorika kwamba Mungu alimuumba Adamu mzima kwa siku moja, na mavumbi yake hayakukwama shingoni. Akasema sielewi teknolojia. Ni kweli, na sina haja nayo.

Hayo yote nilivumilia. Nilisema moyoni, afadhali kompyuta kuliko pombe ya chang'aa. Watu wanasema mwaka wa elfu mbili ukiingia, kompyuta zote zitasahau hesabu na kufa. Kanisani wengine wanaomba isiwe hivyo. Mimi siombi hivyo.

Lililonivunja ni hatua iliyofuata, waliyoiita kurekebisha. Unaweka picha ya mtu ndani ya mashine, halafu unashika kile kidude wanachokiita mausi na unaanza kumsahihisha Mungu. Baba Dorika alianza na picha ya shemasi wetu, akamwondolea ule uvimbe wa shingoni. Shemasi alifurahi, lakini mkewe aliuliza huyu ni nani. Akampa binamu yake yeye mwenyewe meno. Akalipaka bati la kanisa rangi ya samawati kwa kukosea, akilenga mbingu. Kila jioni ananiletea habari za nani amepunguzwa tumbo, huku mimi nampakulia, nikifikiria kwamba huyu ndiye mtu ambaye niliacha kijiji chetu kwa ajili yake.

Kisha akachukua picha ya harusi ya Dorika.

Sasa nisikilize vizuri, dada, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Wewe unamjua Hezroni kama mkwe wetu. Lakini mimi nilimjua kabla ya hapo. Aliletwa hapa Ziwani kuishi na ami yake baada ya babake kufa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtoto mwembamba asiyeomba chakula lakini asiyeondoka kikiwa jikoni. Nilimfundisha shule ya Jumapili. Nilimshonea kaptura za shule. Alikuwa akisimama huku mikono yake imeinuka, mimi nampima kiuno, akicheka kwa sababu futi ya kupimia ilimtekenya. Alikula kwangu hata akawa anajua sufuria ipi ina ukoko.

Basi akakua, akampenda Dorika, na siku ile wazee wao walipokuja kwa mazungumzo ya mahari, hayo yote yakafungwa. Wewe unajua mila yetu. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawapiti karibu. Siku hiyo aliingia akaniona nimesimama mlangoni kwa jikoni, akainamisha macho akanisalimu kutoka mbali. Mtoto wangu niliyempima kiuno. Nami nikajibu kutoka mbali. Sikulalamika, ni heshima, na heshima ina bei yake.

Siku ya harusi Mzee Saulo alitupanga mbele ya nyumba, maharusi katikati na sisi wazazi pande zote mbili. Dorika akiwa kulia kwa mumewe na babake kando yake, mimi ikaniangukia kusimama kushoto, upande wa Hezroni. Mzee Saulo, ambaye si wa kwetu, akaita, "Songeeni, songeeni, Mama, ingia." Hapo Hezroni, bila kugeuza kichwa, akasogea nyuma hatua moja akijivuta kwa Dorika, nami nikajivuta upande wangu. Kukawa na pengo. Katika picha unaliona vizuri, na ndani yake unaona ukuta na kamba ya nguo za jirani. Watu wa Nairobi watasema picha mbaya. Mimi nilipoiona nililia kwa furaha, kwa sababu ile hatua moja aliipiga kwa ajili yangu, mbele ya watu wote, hata suti ikimbana.

Na mamake aliiona pia. Unakumbuka maneno ya Mama Hezroni wakati wa mazungumzo. Alisema wasichana wa Nairobi na mama zao hawajui mipaka. Akauliza mbele ya wazee kama ni kweli kwamba mimi bado namshika shika mwanawe kama mtoto wa shule ya Jumapili. Siku ya harusi alipoona lile pengo alitikisa kichwa kwa kukubali, na baadaye akamwita Dorika "mtoto wangu" kwa mara ya kwanza. Dada, amani ya msichana wetu ilijengwa kwenye pengo hilo.

Sasa sikia alichofanya mume wangu.

Ijumaa alirudi akiimba pambio. Akasema amemaliza kazi yake kubwa, picha ya harusi imetengenezwa, imechapishwa kubwa, imewekwa fremu, na asubuhi hiyo ameshamkabidhi fundi seremala aliyekuwa akisafiri, aikabidhi kwako, ili Jumamosi ijayo wakwe wakija kwenu kutoa shukrani muwape. Akasema amekwisha kuwatumia habari, na babu yake Hezroni, ambaye macho yake yamefifia hawezi kuona picha ndogo, anaingojea sana. Halafu akafunua karatasi ya kujaribia, akaitandaza juu ya meza yangu ya cherehani kama mtu anayetandaza bendera.

Jambo la kwanza nililoona ni kwamba nimekuwa mweupe. Uso wangu una rangi ya chai ya maziwa. Kamba ya nguo haipo. Ukuta haupo, pana maua ambayo hayajawahi kuota Ziwani. Ndipo nikaona bega.

Nikamuuliza, "Baba Dorika, huyu ni nani amesimama na Hezroni?"

"Si ni wewe."

"Nilisimama hapo lini?"

"Hukusimama," akasema. "Nimekusogeza."

Dada, nilitafuta mahali pa kuweka mikono. Bega langu limekaa kwenye bega la mkwe wangu. Kitambaa cha gauni langu kinagusa koti lake. Alivyotuunganisha, ungeapa mkono wangu umepita nyuma ya mgongo wake. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akaanza kunieleza, polepole, kwa ile sauti ya Mzungu wa kisahani, kwamba somo linasema mahali patupu katikati ya picha huigawa familia, jicho la mtazamaji huanguka pale na kupotea. Na yule msichana wa chingamu naye alikuwa amepita nyuma yake akamwambia, "Mzee, hiyo gepu inakaa vibaya, si uifunge." Basi akaifunga. Mtu aliyelipa mahari yangu. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo akimpa mamangu mkeka mzima kwa heshima, aketi peke yake mwisho wa chumba. Akaifunga kwa sababu msichana wa chingamu alisema inakaa vibaya.

Nikamwambia, "Mama Hezroni akiona hii atasema nini? Na Dorika anaenda kujifungulia nyumbani kwake mwezi ujao. Utamsogeza na yeye kwa mausi?"

Hapo ndipo alipoona. Nilimwona akiona. Alivua miwani akaketi juu ya vitambaa vyangu vya sare. Akasema, "Nilikuwa nimekaribia sana, Rasoa. Ukikaribia hivyo huoni watu, unaona rangi tu."

Usidhani nilimhurumia. Nilimuuliza ile picha ya kweli iko wapi ndani ya mashine. Haipo. Alihifadhi uongo juu ya ukweli, mahali pale pale, na mashine haikumuuliza. Nikamuuliza ziko wapi zile negativu, zile filamu za kuchapishia alizotupatia Mzee Saulo. Dada, alikuwa ameziosha. Mzungu alisema vumbi ni adui wa picha, basi akazisugua kwa spiriti na kipande cha taulo hata zikabaki kama vioo vya gari lililoungua. Kilichosalia duniani ni nakala ndogo tu, ile iliyokuwa ndani ya mkebe wangu wa vifungo. Akaniomba aipeleke chuoni aanze upya. Nikamwambia picha hii haitaingia tena katika tumbo la mnyama yule, na tena muda haupo. Nimeiweka ndani ya barua hii. Iangalie sasa. Unaona mguu wa Hezroni ulivyorudi nyuma?

Nitakuambia wewe peke yako, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja utotoni. Asubuhi ya jana Baba Dorika alipotoka, niliichukua ile karatasi ya kujaribia niichome jikoni. Kabla ya kuichoma niliiangalia. Mashine haijui kitu, lakini ilitusimamisha vile tulivyokuwa tukisimama nikimpima kaptura. Nilikaa nayo hadi uji ukafurika. Kisha nikaichoma, na nikaomba msamaha, nisijue hasa nimeomba kwa lipi.

Basi fanya hivi. Ufunge mlango. Ufungue ule mzigo, utoe picha kutoka kwa fremu, uiweke mezani, na kando yake uweke hii ndogo uwe unaiangalia. Chukua makasi ya Mama ya kushonea, si yale ya kukatia manyoya ya kuku. Kata kati yangu na Hezroni kutoka juu hadi chini. Kisha tusogeze, mimi huku na wao kule, upana wa vidole vitatu. Kipimo hicho ni cha Baba Dorika. Leo baada ya kanisa alinisimamisha jikoni, yeye akasimama mlangoni kama Hezroni, akaniuliza hapa au mbele kidogo, hadi tukapata. Kisha akaenda kwenye picha ndogo akapima kwa rula ya mbao, bila kompyuta yoyote, na alipima vizuri. Hilo nampa.

Picha itakuwa pana kuliko fremu, kwa hivyo punguza yale maua ya uongo pembeni. Na ndani ya bahasha utakuta kipande cha kitambaa. Ni masalio ya gauni nililovaa siku ile. Kiweke nyuma ya pengo, ili babu yao asione ubao mtupu. Mama Hezroni akiuliza kwa nini picha imekatwa, usimdanganye. Mwambie kompyuta ya Nairobi ilikosa adabu, na sisi tukaifundisha kwa makasi.

Nisalimie Mama sana, umwambie dawa yake ya miguu anayo Mama Zipora kwenye mkoba mweusi. Msalimu shemeji, fundi wa baiskeli, mwambie Baba Dorika anampa pole kwa msiba wa mjomba wake. Salimia mke wa mchungaji aliyenifundisha kukata kola, na jirani yako yule mkunga, ambaye namkabidhi Dorika mikononi mwake baada ya Mungu. Hezroni akija Jumamosi, msalimie pia kwa niaba yangu. Wewe waweza kumshika mkono. Mshike kidogo zaidi.

Na neno la mwisho kuhusu makasi. Mahali penyewe pa kukata ni pembamba, maana mume wangu alitubana sana, na lazima kitu kipotee kwa mmoja wetu. Usikate upande wake. Ile suti aliazima, bega lake alilisimamisha vizuri, na ile hatua ilikuwa yake. Kata upande wangu. Kama mkono wangu wote utakwenda, uende tu, mimi huku ninao mwingine.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda katika Bwana,

Rasoa, Mama Dorika